Chumvi ya Nchi za Theluji Katika Magari Yetu: Jinsi ya Kuzuia Kutu



Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge, kupitia Kigwena hadi Nyanza-Lac, hakuna mtu aliyewahi kuona theluji barabarani, wala hakuna aliyemwaga chumvi juu ya lami. Hata hivyo katika garaji za njia hii mafundi wanafungua magari yaliyoliwa na kutu kutoka ndani, magari ambayo kwa nje rangi yake inang'aa kama ya jana. Mara nyingi dereva huulizwa, "Umelifanyia nini gari la watu?" Dereva hana jibu, kwa sababu kilicholiharibu gari kilianza kabla yeye hajalishika usukani.

Katika makala haya tunataka kueleza chumvi hiyo inatoka wapi, kwa nini inafanya kazi kwa ukali zaidi hapa kwetu, namna ya kuikagua na kuizuia, na mwisho gharama yake inamhusu nani.

CHUMVI INATOKA WAPI

Magari mengi tunayoyaendesha ni ya mitumba. Yanatoka Japani, na mengine Ulaya, yanashushwa Dar es Salaam, kisha yanaletwa kwetu kwa barabara. Huko yalikotoka, wakati wa baridi maji huganda barabarani yakawa barafu, na matairi huteleza kama juu ya sabuni. Ili kuyeyusha barafu hiyo, serikali za nchi hizo humwaga chumvi. Maji safi huganda kwenye digrii 0, lakini maji yenye chumvi nyingi yanaweza kubaki majimaji mpaka digrii 21 chini ya sifuri.

Marekani peke yake humwaga mamilioni ya tani kila mwaka. Ujerumani, Ubelgiji na nchi za kaskazini ya Ulaya hufanya vivyo hivyo. Katika Japani, si sehemu zote zenye theluji; lakini kisiwa cha Hokkaido na upande wa kaskazini wa nchi hupata theluji nyingi sana. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari. Misumari hiyo ilisaga lami na kuleta vumbi baya, ndipo mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia, na tangu hapo chumvi ikazidi kutumika barabarani.

Gari likipita katika tope hilo la barafu na chumvi, matairi hulirusha chini ya bodi, ndani ya madigadi, katika viungo vya chesisi, na ndani ya mabati ya chini ya milango. Pale juu mvua itaosha. Pale ndani hakuna mvua inayofika. Chumvi hukaa humo, husafiri na gari melini, na siku gari linapowekewa namba ya Burundi, chumvi bado imo.

KUTU INAVYOFANYA KAZI

Chuma hakipati kutu kwa sababu ya uzee tu. Kinahitaji vitu viwili: maji, na hewa ya oksijeni. Kimoja kikikosekana, kutu haianzi. Ndiyo maana jembe lililopakwa mafuta na kuwekwa mahali pakavu hukaa miaka, na jembe lililoachwa shambani usiku mmoja wa masika linaamka jekundu.

Chumvi yenyewe si kutu, ila huharakisha kazi yake kwa njia tatu. Kwanza, inatoboa utando mwembamba unaokilinda chuma. Pili, inayafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Tatu, chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani. Kila mama wa nyumbani anajua jinsi chumvi ya jikoni inavyolowana wakati wa masika bila kumwagiwa maji.

Tena kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikianza katikati ya mabati mawili yaliyounganishwa, inavimba na kuyasukuma, nafasi inapanuka, maji mengi zaidi yanaingia. Kwa hiyo ukiona bati limevimba mahali pa kiungo, usidhani ugonjwa ndiyo kwanza unaanza. Humo ndani umeshakaa siku nyingi.

KWA NINI INAAMKA HAPA KWETU

Hili ndilo jambo ambalo wenzetu wengi hawajalifikiri. Watu husema, "Gari likishatoka kwenye baridi, limepona." Sivyo.

Kutu, kama kazi nyingi za kikemia, huenda haraka zaidi penye joto. Kwa makadirio ya kawaida, joto likipanda digrii 10, kasi yake inaweza kufika karibu mara 2. Wenye magari wa nchi za theluji wanalijua jambo hili: gari lenye chumvi likilazwa ndani ya banda lenye joto linaoza haraka kuliko lile lililolala nje kwenye baridi.

Sasa fikiri gari hilo likifika Rumonge. Mchana ni joto, usiku unyevu wa ziwa unapanda. Chumvi ya kawaida huanza kulowana hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, na katika miezi ya mvua, kuanzia Oktoba hadi Mei, unyevu wa usiku huku pwani hufika hapo na kupita. Zipo pia chumvi nyingine zinazomwagwa barabarani kwenye baridi kali, za kalsiamu na magnesiamu, ambazo hulowana hata unyevu ukiwa asilimia 30 na kidogo tu. Hizo hazikauki karibu mwaka mzima. Basi kwa gari lenye chumvi mbavuni, pwani yetu yote ni kama banda lile la joto.

TUNAYO NA CHUMVI YETU

Tusizilaumu nchi za theluji peke yake. Kule Uvinza, ng'ambo ya mpaka katika mkoa wa Kigoma, chumvi imechemshwa kutoka chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000, na imesafiri katika nchi zote zinazoizunguka. Lori linalobeba mifuko ya chumvi, mfuko mmoja ukipasuka, chumvi humwagika katika nyufa za sakafu. Lori hilo hilo kesho linabeba mukeke kwenye barafu, na maji yanachuruzika juu ya chumvi ya jana. Samaki waliotiwa chumvi nao ni hivyo hivyo. Sakafu ya namna hiyo haina tofauti na barabara ya Ulaya wakati wa baridi.

Maji ya ziwa letu, kwa upande mwingine, hayana lawama kubwa. Lita moja ya maji ya Tanganyika ina chumvi chini ya gramu 1, na lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35. Kwa hiyo maji ya ziwa yanafaa kuoshea gari. Kinachodhuru ni matope. Ziwa lilipofurika mwaka 2024 na kuingia katika mitaa ya Rumonge, magari yaliyofikiwa na maji yalibaki na matope ndani ya chesisi, na matope hushika unyevu kama sifongo.

KULIKAGUA GARI

Gari likiletwa, kabla ya kukubali kuliendesha, lala chini ulitazame. Liegemezwe juu ya magogo imara au stendi za chuma. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua tochi, bisibisi na nyundo ndogo, uangalie haya:

1. Mirija ya breki. Hii ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoua. Ni miembamba, ni ya chuma, na hupita chini ya gari mahali ambapo tope hurushwa. Futa uchafu kwa kitambaa, hasa pale mrija unaposhikwa na klipu, kwa kuwa ndipo chumvi hujificha. Mrija wenye magamba au uvimbe ubadilishwe. Kisha mwenzako akanyage breki kwa nguvu injini ikiwa inaunguruma, na kuishikilia. Pedali ikizama polepole, breki hiyo ina kasoro, gari lisiondoke.

2. Chesisi. Gonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti butu. Sukuma kwa bisibisi mahali penye magamba. Ikipenya, hapo si pa kupaka rangi tena.

3. Mahali zinaposhikwa springi na shokapu, mahali boksi la usukani linapofungwa, na mikanda ya chuma inayobeba tangi la mafuta.

4. Sakafu chini ya kapeti, na mahali mikanda ya usalama ilipofungwa. Mkanda uliofungwa kwenye bati lililooza hautamshika mtu siku ya ajali.

5. Mabati ya chini ya milango, na matundu yake madogo ya kutolea maji. Matundu yakiziba, maji hubaki ndani.

Tahadhari moja: gari kuukuu lenye rangi nyeusi mpya kabisa upande wa chini, lisikuvutie haraka. Huenda rangi ile imepakwa juu ya kutu ili lipate kuuzwa. Gonga na usukume hapo hapo.

Habari ya mirija ya breki si vitisho. Mnamo Aprili 2015 idara ya usalama wa barabarani ya Marekani, baada ya uchunguzi mrefu wa mirija iliyopasuka kwa kutu, iliwataka wenye magari ya mwaka 2007 na ya nyuma yake, katika majimbo yanayomwaga chumvi, waoshe magari yao upande wa chini na kukaguliwa mirija yao. Magari ya umri huo ndiyo tunayopakia abiria.

KULITIBU NA KULIKINGA

Kazi hii ifuatwe kwa utaratibu, hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza, kuosha. Chumvi huyeyuka katika maji, basi maji mengi ndiyo dawa yake ya kwanza, tena ya bei nafuu kuliko zote. Ondoa matope makavu. Zibua matundu yote ya kutolea maji. Tumia pampu au mpira wa maji, ulenge ndani ya madigadi, ndani ya chesisi, na ndani ya mabati ya milango. Rudia mara tatu, siku tofauti, kwa sababu mara ya kwanza maji huilainisha tu chumvi iliyokaa ndani. Teka maji kwa ndoo ukaoshee mbali na ufuko. Gari lisiingizwe ziwani: maji huingia katika beringi za magurudumu, na mafuta ya gari huingia katika maji tunayokunywa.

Pili, kukausha. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Liache gari juani siku mbili au tatu, milango wazi, kapeti zimetolewa. Wakati mzuri ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba.

Tatu, kusugua. Ondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Vaa miwani na ufunge pua. Penye kutu ndogo iliyobaki katika vishimo, tumia dawa ya kugeuza kutu kama inapatikana.

Nne, rangi. Paka rangi ya kwanza yenye zinki, kisha rangi ya juu. Zinki tunaijua: ndiyo inayopakwa bati za nyumba zetu. Hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone. Zinki ikiisha juu ya paa, ndipo bati linapogeuka jekundu.

Tano, grisi na mafuta. Ndani ya chesisi na ndani ya mabati, ambamo brashi haifiki, nyunyizia mafuta mazito safi, au nta ya kukinga kutu inayouzwa kwa kazi hiyo. Juu ya nati, klipu na viungo paka grisi. Usiguse diski na pedi za breki, mipira, wala ekzosi. Rudia kila mwaka kabla ya mvua za Oktoba.

Penye tundu, rangi haitoshi. Pakatwe, pachomelewe bati zima. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na tangi la mafuta liondolewe. Moshi wa bati lenye zinki ni sumu, fundi afanyie kazi penye hewa.

FUNZO LA LIEMBA

Anayedharau grisi na akumbuke meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda mjini Papenburg, wakaileta vipande vipande hadi Kigoma, ikaanza kuelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji na ya Uingereza yalipowakaribia, mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito, kisha wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakitumaini kurudi kuichukua. Wao hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mashine bado zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi upya ikiitwa Liemba, ikawabeba wazee wetu na magunia yao miaka mingi katika ziwa hili.

Miaka mingi chini ya maji! Lakini tuangalie kwa nini ilifaulu. Grisi ile ilipakwa kabla ya maji kufika, juu ya chuma kisafi, na fundi mwenye kuijua mashine yake. Ingepakwa juu ya kutu na chumvi, isingesaidia neno.

YA KUEPUKA

Mafuta ya mawese. Tunayo kwa wingi Rumonge, na wako wanaoyapaka chini ya gari. Yanachacha, yanatoa asidi, yanashika vumbi na kuita panya. Yapelekwe jikoni.

Mafuta machafu ya injini. Yana asidi na maji ndani yake, yanaharibu mipira, na mvua inayachukua mpaka ziwani. Zaidi ya hayo, yakigusa ngozi kila siku yanaweza kuleta saratani. Fundi asiyapake kwa mkono mtupu.

Lami nzito juu ya kutu. Lami ikikauka hupasuka, maji huingia katika ufa na hayatoki. Kwa nje panaonekana pazuri, ndani panaoza.

Puti. Kujaza puti penye tundu ni kumdanganya abiria.

GHARAMA NI YA NANI

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza. Dereva analipa hesabu ya siku kwa mwenye gari. Siku tatu za kukausha ni siku tatu bila hesabu. Kwa hiyo gari halisimami, kutu inaendelea, na siku chesisi inapokatika au breki inapokufa, matengenezo yanakatwa katika malipo ya dereva, kama bado yu hai. Tunao wenzetu waliokatwa hivyo kwa magari yaliyoletwa yameoza.

Msimamo wetu ni huu. Chumvi iliyotoka ng'ambo ni ya gari, na gari lina mwenyewe. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 kinasema mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu za haki za kuamini kuwa maisha yake yamo katika hatari kubwa na ya karibu, alindwe asiadhibiwe. Dereva anayekataa gari ambalo pedali yake ya breki inazama si mvivu wala mkaidi.

Lakini haki inataka ushahidi. Kwa hiyo tunapendekeza kila dereva afanye mambo matatu. Siku ya kupokea gari, alikague mbele ya mwenye gari na fundi mmoja, waandike hali ya breki, chesisi na sakafu, wote watatu watie sahihi. Pili, wakubaliane kwa maandishi siku za kuosha na kupaka grisi kila mwaka, siku ambazo hesabu haidaiwi. Tatu, akiona kasoro ya breki aiandike na kuitoa taarifa siku hiyo hiyo, abaki na nakala.

Wenye magari nao wana faida yao. Pampu ya maji, kopo la rangi ya zinki, kilo chache za grisi na siku tatu za jua ni gharama ndogo mbele ya chesisi mpya, na ni ndogo zaidi mbele ya gari lililojaa abiria kwenye mteremko bila breki.

Kiangazi kina miezi minne. Kila tawi la njia ya ziwani lipange siku ya kukagua magari kabla ya mvua za Oktoba, madereva na mafundi pamoja, tochi na nyundo mkononi. Tukianza na mirija ya breki, tutakuwa tumeanza mahali panapostahili.